Pua Niliyoipeleka Bujumbura

Wanawake wa Rumonge wana adabu sana mpaka siku wanapotaka kuiona pua yangu. Hapo adabu wanaivua mlangoni pamoja na kandambili. Mmoja anakuja kuazima mkasi, na anajua fika kwamba mkasi ninao mmoja tu, wa kazi. Mwingine analeta kitenge ambacho hana nia ya kukishona, anakikunjua, anakikunja, na muda wote macho yake yako hapa katikati ya uso wangu. Wakishashiba kuangalia ndipo wanauliza, na swali ni lile lile kila mara: "Iliuma?"

Iliuma, ndiyo. Watu waliozaa watoto saba wananiuliza mimi habari za maumivu! Hilo ndilo swali dogo kuliko yote ambayo mtu anaweza kuuliza kabla ya kumkabidhi mganga wa upasuaji pua yake, lakini wakishajibiwa hilo wanaridhika, wanaaga, wanakwenda zao. Najua baadhi yao wameshachukua namba ya simu ya ile kliniki iliyonipasua. Basi naandika mara moja, ili mlango wangu upumzike nami nimalize nguo za watu.

Mimi ni fundi wa kushona, nimezaliwa hapa Rumonge, mtaa wa Waswahili. Baba yangu alikuwa mnunuzi wa mawese. Alizunguka Bugarama na kuteremka mpaka Nyanza-Lac, akirudi na mapipa yake kuyauza sokoni. Siku hizi amezeeka, anafundisha watoto Kurani barazani. Mama yake alivuka ziwa kutoka upande wa Kongo akaja kuolewa hapa mke wa pili, na alichokuja nacho kikubwa kilikuwa pua. Pana, imelala, mabawa yake yametanda mpaka karibu na mashavu. Baba akairithi, nami nikairithi kwa baba. Shangazi zangu wawili, watoto wa mke mkubwa, walirithi pua ya babu, nyembamba, na hawakuacha hata siku moja kumshukuru Mungu kwa hilo mbele yangu.

Ukewenza hauishi wake wanapokufa. Bibi yangu alikuwa kaburini tayari, na bado watoto wa mwenzake walikuwa wanagombana naye usoni mwangu.

Kwetu mtoto mchanga hunyooshwa pua. Mama anapasha mawese kidogo, anachovya vidole, anaibana pua ya mtoto kila asubuhi na kuivuta ishuke. Mama yangu alinibana mpaka nikajua kutambaa na kumkimbia. Shangazi mkubwa alikuwa akimwangalia na kumwambia, "Hiyo mafuta si ungepikia maharage tu." Kwenye harusi moja, wakati wa picha, alinishika bega akanigeuza: "Weye mutoto, simama ya ubavu, hiyo pua itajaza picha yote." Watu wakacheka. Baba naye akacheka. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kuelewa na mdogo mno kumjibu, na umri huo ni mbaya sana.

Nilipopata cherehani yangu na wateja wangu, kitu cha kwanza nilichojinunulia kilicho changu peke yangu kilikuwa pua nyingine.

Kliniki ilikuwa Bujumbura, ghorofani, juu ya duka la vigae. Jina silitaji, wala si kwa heshima. Sitaki tu kuwatangazia biashara. Mganga mwenyewe alikuwa mgeni, anakuja mara chache kwa mwaka, anapasua watu kwa wiki moja kisha anapanda ndege. Hilo nililijua mapema, na mjinga mimi nililiona kuwa sifa. Nilisema moyoni, mtu anayepanda ndege kuja kukata pua lazima awe anajua kukata pua. Sikujiuliza nani ataitazama hiyo pua akishapanda ndege ya kurudi. Anayetaka kwenda huko aulize hilo kabla hata ya kukaa kwenye kiti. Kupasua ni kazi ya asubuhi moja. Kupona ni kazi ya mwaka mzima, na mwaka mzima huo mganga wangu alikuwa hewani.

Alinipiga picha ya mbele na ya ubavu, akaziingiza kwenye kompyuta, akaanza kuisukuma pua yangu pale kwenye kioo, huku na huku, mpaka ikawa nyembamba. Kisha akatoa kifaa chake cha chuma akanipima: upana, urefu, kutoka jicho mpaka jicho. Babu zetu walipimwa pua kwa vyuma na Wazungu, wakaandikwa makabila kwa upana wa pua, na nchi hii haijamaliza kulipa deni la vipimo vile. Wao walipimwa kwa nguvu. Mimi nilipanda gari mwenyewe, nikalipa nauli, nikainua kidevu nipimwe.

Ile picha ya kwenye kioo si ahadi. Laiti mtu angeniambia hivyo, kwa lugha yoyote. Ni mchoro wa mtu anayetaka ukubali. Mganga anapunguza mfupa na gegedu kwa ndani, halafu ngozi yako ile ile inarudishwa juu yake, na ngozi ya pua yangu ni nene. Mimi ni fundi, najua kola ndogo ya kitambaa kizito haitoi ncha, hata uipige pasi kutwa. Lakini siku ile sikuwa fundi, nilikuwa mteja, na mteja anaona anachotaka kuona. Ukutani palikuwa na picha za pua zilizokwisha kupona, nzuri kweli. Hata moja haikuanza kama yangu. Ningeuliza, "Pua kama hii ulishaikata? Nioneshe." Sikuuliza. Nilikuwa natabasamu.

Wala sikuuliza nani atanilaza usingizi. Asubuhi ile alipita mtu mmoja mwembamba mwenye barakoa, hakunisalimu, nikamdhania mfagiaji. Kumbe ndiye aliyekuja kushika pumzi yangu mkononi wakati mwenzake anakata. Mtu wa kushika pumzi yako unastahili kumjua, umwambie kama una pumu, kama una presha, kama ulikula jana jioni. Yule hakujua hata ninaitwa nani.

Siku ya kuondoka muuguzi alinisomea masharti ya Kifaransa akiyageuza Kiswahili haraka haraka, huku anatazama mlango maana mwingine alikuwa anasubiri. "Ulale kichwa juu. Usiiname. Ujihadhari na joto. Usivae lunettes, miwani. Usipenge kamasi mpaka docteur arudi. Sawa, mama?" Nikasema sawa. Kamasi sina, nikajisemea, hilo halinihusu.

Nyumbani nilikuwa nimeaga kwamba nakwenda kutibiwa sinizite, ugonjwa wa ndani ya pua. Nilichagua ugonjwa huo kwa sababu hapa kila mtu anao, au anadhani anao; mtu akiumwa kichwa ni sinizite, akipiga chafya ni sinizite, akigombana na mumewe nayo ni sinizite. Nani atashuku? Nilikaa kwa rafiki yangu Bujumbura mpaka yale madoa meusi chini ya macho yalipofifia na plasta ikatolewa, kisha nikarudi, siku chache kabla ya Ramadhani.

Sasa sikilizeni nyinyi mnaotaka kurudi mmebadilika. Nilirudi na pua kubwa kuliko niliyoondoka nayo. Uvimbe! Uvimbe wa pua hauondoki wiki ile wala mwezi ule. Ngozi ikiwa nene unaweza kukaa mwaka na ushee, na ncha ya pua ndiyo inayochelewa kuliko mahali pengine popote. Na ncha yenyewe haina hisia, unaigusa unahisi unagusa pua ya jirani. Shangazi mkubwa alinipokea uani, akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga. "Ah! Walitoa sinizite ao waliongeza ingine?" Uwanja mzima ukacheka, na ile pua ikauma kwa sababu nami nilicheka.

Ndipo dawa zikaanza. Nilijipa ugonjwa mwenyewe, basi sikuwa na haki ya kukataa tiba yake. Shangazi alichemsha majani ya mukaratusi kwenye sufuria kubwa, akaniinamisha juu ya mvuke, akanifunika blanketi, akaniwekea mkono kisogoni nisiinuke. "Vuta! Vuta kwa mapua, itoke yote!" Niliambiwa nisiiname, nikainama. Niliambiwa nijihadhari na joto, nikavuta moto. Damu ilipodondoka kwenye maji, alifurahi. "Unaona? Uchafu iko inatoka." Wageni wakaja kumjulia hali mgonjwa wa sinizite, wakitoa salamu zao, amahoro, amahoro, na kila aliyekuja alinikumbatia kichwa kwa kichwa, shavu hili, shavu lile, kama ilivyo desturi, na kila kumbatio lilinigonga pale pale. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga. Hawakusema habari za anayeficha maradhi kwa kutangaza maradhi mengine.

Miwani nayo. Bila miwani sioni tundu la sindano. Nguo za Idi zimejaa, watu wanadai, na mimi nimeifunga miwani kwa uzi, uzi nimeugandisha na plasta kwenye paji la uso ili fremu isiguse pua. Wateja wakadhani ni mtindo. Mmoja aliniuliza kama ni kwa ajili ya sinizite. Nikamwambia ndiyo, na nikamkosea mkono wa blauzi.

Lakini hayo yote ni madogo. Lililoniharibu ni jambo la udhu, na nina hakika mganga yule hajawahi kulisikia maishani mwake.

Sisi tukitawadha tunapandisha maji puani, kisha tunayapenga. Baba alinifundisha tangu nina meno ya utoto: jaza kiganja cha kulia, vuta maji mpaka yakufike juu, shika pua kwa mkono wa kushoto, penga kwa nguvu. Mara tatu. Rudia kila udhu, na hesabu mwenyewe swala za mwezi wa Ramadhani. Sasa niulizeni, ewe mama, hukuambiwa usipenge? Niliambiwa nisipenge kamasi. Kupenga kamasi ni kazi ya mafua. Udhu ni udhu. Katika kichwa changu hayo mambo mawili hayakuwa hata majirani. Niliacha kupenga leso kama nilivyoagizwa, nikajisifu kwa utii wangu, na kila nikisimama kwenye ndoo nilivuta maji na kuyapenga kwa kishindo, juu ya mishono mibichi.

Na kusujudu. Paji la uso na pua, vyote chini. Uani kwetu, mwezi wa Ramadhani, baba huswalisha magharibi baada ya futari. Wanaume wachache mbele, wanawake nyuma, majirani pia huja. Nilipogusa mkeka mara ya kwanza niliona nyota. Nikainua pua kidogo isiguse, na ubavuni nikahisi jicho la shangazi mdogo linanitazama kutoka kwenye mkeka wake. Anayesujudu vizuri haoni jirani yake anavyosujudu, lakini nenda kamwambie yeye. Basi nikaibandika, tena nikaikandamiza, nionekane mzima.

Maji ya udhu yakaanza kutoka mekundu. Nikampigia simu muuguzi wa kliniki. Docteur ameshasafiri, akasema, na akaniuliza, "Ulipenga kamasi?"

"Hapana. Sina mafua."

"Basi ni kawaida, mama. Itapita."

Nimeyarudia mazungumzo hayo kichwani mara nyingi, na kila mara namchukia upya. Hakuniuliza unaishije. Anajua ninatoka Rumonge, aliuona mtandio wangu kichwani, ananiuliza habari za mafua. Angeuliza tu, "Mama, siku yako inakwendaje tangu alfajiri?" ningemwambia yote, na angepiga kelele. Kama nyinyi mtakwenda, msisubiri kuulizwa. Mwambieni mganga siku yenu nzima: kwamba mnainamia jiko la mkaa, kwamba mnapika mawese na moshi wake unakwenda kooni, kwamba mnabeba ndoo kichwani, kwamba mnakumbatiwa na mtaa mzima, kwamba mnatawadha na mnasujudu. Mwambieni kwa sauti, na asipowasikiliza shukeni ngazi.

Mluzi ulianza katikati ya mwezi. Magharibi ina rakaa tatu. Mbili za mwanzo imamu anasoma kwa sauti, ya tatu anasoma kimya. Rakaa mbili zilipita salama chini ya sauti ya baba. Ya tatu ikaingia, uwanja ukanyamaza, hata mbuzi wakanyamaza, na katika ukimya ule kikasikika kitu kinalia, chembamba, kinapanda na kushuka. Fiii. Kisha kimya. Fiii. Mtoto mmoja akacheka, mama yake akamfinya. Mimi nilikasirika kama wengine, nikajiuliza ni nani huyu asiye na adabu anayepiga mluzi kwenye swala. Nikavuta pumzi ya hasira, na mluzi ukapanda juu zaidi.

Nikajaribu kupumua kwa mdomo. Ukisoma Fatiha kimya midomo inachezacheza, pumzi inatafuta njia yake, na njia yake ni ile ile. Nilibana pumzi kutoka rukuu mpaka sijda, nikakaribia kuanguka.

Baba alipotoa salamu, shangazi mkubwa hakungoja hata dua. "Ni hii pua! Iko inalia yenyewe! Minasikia hapa kwenye sikio langu!" Akasogea na mkeka wake. "Hiyo si sinizite. Hiyo ni jini. Batu banakwenda Bujumbura banarudi na majini." Wale wajane wawili wa mtaani ambao huswali safu ya nyuma, wanawake wapole, waliinamisha vichwa wasinitazame. Baba hakugeuka. Alikaa anahesabu tasbihi.

Nilikwenda hospitali kwa daktari wa masikio, pua na koo, nikasubiri kutwa. Alinimulika, akaguna. Ukuta wa katikati ya pua una tundu, akasema, hewa inapita pale kama inavyopita kwenye filimbi. Nikamwuliza ni kosa la aliyekata au ni la kupenga. Akasema huenda hili, huenda lile, huenda yote mawili, na hakuna atakayeweza kunithibitishia. Tundu la namna hiyo linaweza kutokea hata mkononi mwa fundi mzuri. Ni miongoni mwa mambo ambayo mgonjwa anatakiwa kuambiwa kabla, pamoja na kwamba anaweza kupumua kwa shida kuliko alivyokuwa, na kwamba wengi hulazimika kupasuliwa tena. Na mara ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza, na haifanywi mpaka pua itulie, mwaka hivi. Akanipa maji ya chumvi na mafuta ya kupaka ndani. Alisema kila kitu polepole na kwa heshima, nami nilimchukia hata yeye, kwa kuchelewa kutokea kwenye njia yangu.

Kesho yake, baada ya alasiri, watoto wa madrasa walipoondoka, baba aliniita barazani. Alinionesha mahali pa kukaa. Akatega sikio. Mluzi ukalia, yeye akatikisa kichwa taratibu.

"Walikufanya nini, mutoto wangu?"

Nikamwambia. Sikulia, nilimwambia kwa hasira, kliniki, picha, plasta, sinizite ya uongo, sufuria la shangazi, muuguzi. Nilipofika kwenye udhu alifumba macho.

"Ile ya kupandisha maji ni sunna, si faradhi," akasema. "Mugonjwa anaiacha. Na pua chini kwenye sijda, kwetu ni sunna pia. Paji tu inatosha. Na kama hata paji haiwezi, unakaa kwenye kiti, unaashiria. Ungeniuliza."

Sunna! Nilikuwa nimeitoboa pua yangu kwa jambo ambalo Mungu mwenyewe alikuwa amenisamehe tangu mwanzo, na mtu wa kuniambia alikuwa analala chumba cha pili. Hapo ndipo nilipopandwa na mori. Nikamwambia ningekuuliza vipi? Ningekuja kukwambia, baba, nimeikata pua yako, nipe fatwa? Nikamwambia hii pua dada zako wameicheka tangu nimezaliwa, mbele yako, kwenye nyumba yako, nawe mwenye pua hiyo hiyo hukuwahi kufungua mdomo. Ulicheka. Nilimwambia "ulicheka" mara nyingi, na sauti ilikuwa inasikika barabarani, na sikujali.

Aliacha nimalize. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba miaka ya vita alikuwa anatoka Nyanza-Lac na mawese, na wenzake wawili wa biashara.

"Watu wa bunduki wakatusimamisha njiani. Hawakuomba hata karangamuntu, ile kadi ya kitambulisho. Walituinua videvu, mumoja mumoja, wakatumulika torchi kwenye pua. Kwangu wakasema, huyu ni wa ng'ambo ya ziwa, huyu haituhusu, mwacheni aende. Nikaenda." Akajifuta mdomo kwa kiganja. "Wale wawili wakabaki."

Hakuwataja majina. Hakukuwa na haja, wake zao ndio wale wajane wawili wa safu ya nyuma. Tangu nina akili wamekuwa wakija uani kwetu kila Ramadhani, baba huwapelekea futari kwanza kabla hajaonja yake, na mimi siku zote nilidhani ni sadaka tu.

"Sasa hii pua ningeisifu namna gani," akasema, "na bale bamama bako hapa? Ningesema pua yangu ni nzuri, Mungu aliipenda? Dada zangu walipocheka, nami nikacheka. Kucheka ilikuwa rahisi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi mrefu, nina maneno ya miaka, nikayaacha. Nikakaa namtazama ubavuni. Nilikuwa sijawahi kuitazama ile pua bila kuitafutia kasoro. Ilikuwa pana, imelala, ina jasho dogo pembeni mwa bawa, na inapumua kimya kabisa. Niliitaka. Niliitaka kwa uchungu nisioweza kuueleza, irudi hapa usoni kwangu leo leo. Bibi hayupo, shangazi zangu hawana, na yangu iko kwenye ndoo ya taka ya kliniki. Imebaki hiyo moja, na mwenyewe ni mzee.